Kangaga na Jina Lake

Mtu akienda Tanga mjini kutafuta mmea wa kupambia baraza yake, haulizi mmea, anauliza maua. Naye muuzaji, aliyepanga makopo na ndoo zake kandokando ya barabara, humwonyesha maua: haya ya kivulini, haya ya juani, haya ya kuning'inizwa. Mengi kati ya hayo hayatachanua ua la kutazamika tangu yapandwe hadi yanyauke. Lugha yetu, ambayo imelipa tunda la mnazi jina kwa kila daraja ya ukuaji wake, tangu kidaka na kitale hadi dafu, koroma na nazi, imeitupia mimea ya vyunguni neno moja tu, tena neno la kuazima. Hatukuwa na haja ya zaidi. Nazi tuliila; mmea wa chunguni tuliutazama tu.

Katika makala haya nataka kueleza kwa nini haja hiyo sasa ipo, na nitaieleza kwa njia ya swali ambalo baadhi ya wasomaji watalicheka: je, kangaga linalofugwa nyumbani kwa pambo humdhuru mbwa?

Swali si langu. Ni la mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ni mwalimu. Nyumba yake ipo hapa Tongoni, upande wa barabara iendayo Pangani, si mbali na msikiti uliobomoka na yale makaburi ya nguzo ambayo wageni huja kuyapiga picha. Ana mtoto wa kike wa miaka 2, na ana mbwa wa miezi 5 aliyepewa na mkulima afugaye mbwa ili mahindi yake yasimalizwe na nguruwe mwitu na nyani. Siku moja alinijia akiwa ameshika kibao kidogo cha plastiki kilichokuwa kimechomekwa katika udongo wa ua lake jipya.

"Mjomba," akasema, "hapa pameandikwa fern. Mwenzangu shuleni ananiambia fern haina neno kwa mbwa. Nitafsirie yote yaliyoandikwa, maana mbwa ametapika mara mbili tangu jana, na mtoto naye kila alipo mbwa yupo."

Neno la mwenzake halikuwa la uongo. Fern ya Waingereza ndiyo kangaga letu: mmea wa kivulini upendao unyevu, wenye majani yaliyochanwachanwa pande mbili za uti mmoja kama kuti. Lile lililoenea zaidi majumbani duniani ni Nephrolepis exaltata, ambalo asili yake ni nchi za joto za Amerika. Wamarekani hulinasibisha na mji wa Boston, kwani umbo lake la majani marefu yaning'iniayo lilitambuliwa upande huo mwaka 1894, katika shehena ya mimea iliyotoka Philadelphia. Ndugu yake, Nephrolepis biserrata, huota wenyewe katika pwani yetu na visiwani, penye kivuli, na hupenda kujishikiza kwenye vishina vya makuti ya michikichi. Chama cha Marekani cha kuzuia ukatili kwa wanyama, kilichoasisiwa mwaka 1866 na ambacho kina kituo maalumu cha kushughulikia sumu zinazowapata wanyama, kimelitia kangaga hilo la Boston katika orodha ya mimea isiyo na sumu kwa mbwa, kwa paka na hata kwa farasi. Mbwa akilitafuna kwa wingi huenda akatapika, kama atapikavyo akila nyasi, kwa kuwa tumbo lake halikuumbwa kusaga majani mengi; lakini hiyo si sumu.

Jibu, basi, ni kwamba kangaga la nyumbani ni salama. Mtu angeweza kuishia hapo, na wengi huishia hapo. Mimi niligeuza kile kibao, nikaona kwamba kabla ya neno fern palikuwa na neno jingine: asparagus.

Katika Kiingereza neno linalotangulia huweza kuligeuza kabisa lile linalofuata, kama kwetu linalofuata ligeuzavyo lililotangulia. Nyumba ya mchwa ni nyumba, lakini haina mpangaji. Mfasiri akilishika neno moja akaliacha la pili, ameandika sentensi iliyo sahihi kwa sarufi na yenye hatari kwa maana. Nikamuuliza, "Mwanangu, ua lako hilo linazaa?"

"Linazaa, Mjomba. Vitunda vidogo, mviringo, vyekundu. Mtoto anavipenda."

Hapo nilijua kwamba fern ile si kangaga. Kangaga halizai. Halichanui, halina tunda, halina mbegu. Ukilipindua jani lake lililokomaa utaona upande wa chini madoa ya rangi ya kahawia yaliyopangika, ambayo mtu asiyejua hudhani ni wadudu au ugonjwa; ndani ya madoa hayo mna vumbi jepesi, na katika vumbi hilo ndimo kizazi chake kilimo. Na jani lake changa hutoka likiwa limejikunja kama mkia wa kinyonga, kisha hujikunjua polepole. Mmea wenye tunda, hata likiwa dogo kama punje ya mtama, hauwezi kuwa kangaga, uitwe jina lolote upendalo muuzaji.

Mmea aliokuwa nao mpwa wangu ni wa jamaa ya asparaga, ile mboga ya machipukizi ipikwayo Ulaya. Jina hilo moja la Kiingereza limebebeshwa zaidi ya mmea mmoja. Wa kwanza ni Asparagus setaceus, wenye vijani vyembamba kama manyoya, ambao huchanganywa katika mashada ya maharusi. Huo ni mzawa wa Afrika, tangu Ethiopia hadi Afrika Kusini, na Tanzania imo, na vitunda vyake vikiiva huwa vyeusi. Wa pili ni Asparagus aethiopicus, wenye matawi yaning'iniayo na vitunda vyekundu, ambao kwao ni Afrika Kusini ingawa jina lake la kisayansi linataja Ethiopia. Jina juu ya jina, na yote mawili yanapoteza njia! Hata vile vionekanavyo kuwa majani yake si majani hasa, ni vitawi vilivyosinyaa vikafanya kazi ya majani. Na kwenye shina lake mna miiba midogo iliyojificha.

Mimea hiyo ina kemikali ziitwazo sapojenini. Mbwa akila vitunda vyake hutapika, huharisha na kuumwa tumbo. Akijisugua kwenye matawi yake mara kwa mara, ngozi huwasha na kuwa nyekundu. Si sumu ya kuua kwa kawaida, lakini kwa mbwa mdogo kutapika na kuharisha kwa muda mrefu si jambo la kupuuzwa, kwani maji ya mwili hupungua upesi. Mbwa wa mpwa wangu alikuwa amekifanya kivuli cha ua lile kuwa kitanda, na tumbo lake, mahali pasipo manyoya, lilikuwa limefanya wekundu. Bwana mifugo alimwona jioni ile ile. Hakutaka kusomewa kibao. Alitaka aletewe tawi lenyewe lenye vitunda. Akalitazama, akamtazama mbwa, akaagiza anyweshwe maji kidogo kidogo na atengwe na ua lile. Baada ya siku 2 mbwa alikuwa mzima.

Sisi tukaaye Tongoni tungepaswa kuwa watu wa mwisho kuyaamini majina kwa kuyasikia tu. Tongo ni mahame, mahali palipokuwa na watu pakabaki kuta. Tongoni ni penye mahame. Lakini wale waliojenga msikiti ule na kuzikwa katika makaburi yale yapatayo 40, mnamo karne ya 14 na ya 15, hawakukaa mahameni. Walikaa mjini kwao, na mji wao ulikuwa na jina. Wanahistoria wengi wanaona kuwa ndio Mtangata inayotajwa na Wareno. Jina la Tongoni limetolewa na waliokuja nyuma, walioziona kuta zikiwa zimekwisha kuanguka. Linatueleza walichokiona wao, na halitwambii chochote juu ya waliokuwamo. Ndivyo lilivyo jina la asparagus fern. Muuza maua alitazama matawi yaliyochanika kama manyoya, akaona yanafanana na kangaga, akalibandika jina. Jina lile lilimtosha mnunuzi aliyetaka pambo. Kwa yule atakayelala chini ya matawi yale na kuokota vitunda vyake halina faida yoyote.

Na mkoa huu wa Tanga umewahi kuupeleka ng'ambo mmea ukapewa huko jina la uongo. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyesimamia wilaya ya Tanga, aliupata katika nchi hii mmea mdogo wa kivulini, wenye majani ya manyoyamanyoya na maua ya rangi ya urujuani. Ulipelekwa Ujerumani kwa baba yake, na kutoka huko ukafika mikononi mwa Hermann Wendland, mtaalamu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, ambaye mwaka 1893 aliuandika kwa jina la Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015 wataalamu waliuhamishia katika jenasi ya Streptocarpus, na jina la afisa yule likaondoka katika jina lake rasmi. Waingereza huuita African violet, lakini na violet ya Ulaya hauna udugu. Umekuwa miongoni mwa mimea ya dirishani ipendwayo zaidi duniani, ilhali huku kwetu, katika misitu ya Usambara, baadhi ya aina zake zinatoweka pamoja na miti inayozitilia kivuli. Huo nao ni jina la uongo, ila uongo wake haukumdhuru mbwa wala paka, kwani mmea huo hauna sumu kwao.

Mimea miwili, basi, yenye asili ya bara hili imesafiri na kupewa majina ya jamaa zisizo zao. Mmoja unaitwa violet nao si violet, na hauna madhara. Mwingine unaitwa fern nao si fern, na una madhara. Anayetegemea jina pekee hana njia ya kuitenga mimea hiyo miwili.

Upo mmea wa tatu, na huo ndio ulionikosesha usingizi usiku ule, kwa kuwa mpwa wangu alinieleza kwamba muuzaji alimwonyesha pia "kangaga gumu" lisilotaka maji mengi. Nilipomtaka anieleze umbo lake alisema: kishina kifupi chenye magamba kama nanasi, majani yamesimama kwa duara, na ncha zake zinachoma. Huo ni mmea wa jamaa ya mtapo. Katika bustani za mijini aghalabu huwa ni Cycas revoluta wa Japani. Wetu wa pwani na visiwa ni Cycas thouarsii. Mtu huweza kuudhania kuwa mnazi mchanga, na mwingine akaudhania kuwa kangaga, hasa kwa kuwa vijani vyake vichanga navyo hutoka vikiwa vimejikunja. Lakini mtapo si mnazi wala kangaga. Ni mmea wa ukoo wa kale mno, na sehemu zake zote zina sumu, mbegu zikizidi. Sumu yake, saikasini, ikifika tumboni hugeuzwa kuwa kitu kinachoharibu ini. Mbegu 1 au 2 zaweza kumuua mbwa. Kwanza atatapika, kisha huenda akaonekana kupata nafuu, na baada ya siku 2 au 3 macho na ufizi vikageuka manjano, akaanza kutoka damu. Wengi hufa hata wakitibiwa.

Wazee wa pwani waliujua mtapo. Katika miaka ya njaa watu waliula, lakini waliukatakata, wakaukausha, wakauloweka na kubadilisha maji siku baada ya siku kabla haujathubutu kuingia chunguni. Walijua kwamba njaa huua polepole na mtapo usioandaliwa huua upesi. Ujuzi ule haukuandikwa popote. Ulikaa ndani ya jina. Mtu akisema "mtapo," aliyemsikia alijua masharti yake. Muuzaji wa leo anaposema "maua," au akajitahidi akasema "kangaga gumu," masharti yote yamedondoka njiani.

Tazama jinsi lugha yetu inavyotenda kazi pale tumbo letu linapohusika. Tuna muhogo, na tuna muhogo mchungu. Kivumishi kile si cha ladha tu, ni onyo. Kinamwambia mpishi kwamba huu haupikwi hivi hivi, huu humenywa, huloweka, huanikwa ukawa makopa, ndipo sumu yake impishe mlaji. Tuna majimbi, ambayo sisi wa Mrima huyaita magimbi, na hakuna mama wa pwani asiyejua kwamba jimbi bichi huwasha koo. Linawasha kwa sababu ndani yake mna fuwele zilizo kali kama sindano zisizoonekana kwa macho. Fuwele hizo hizo zimo katika dieffenbachia, lile "ua" la majani mapana yenye mabaka meupe linalowekwa pembeni mwa ofisi na sebule. Mbwa akilitafuna, au mtoto, ulimi huvimba na mate humtoka. Jimbi tumelipa jina na tahadhari. Jamaa yake wa sebuleni tumempa kiti na zulia, jina hatukumpa.

Wala mtu asidhani kwamba kulijua neno kangaga kumemaliza kazi. Kangaga si hirizi. Huko Usambara, kwenye mashamba yaliyochomwa moto na kuachwa, huenea kangaga la kweli kabisa liitwalo Pteridium aquilinum, ambalo ng'ombe wakililisha kwa muda mrefu huvuja damu na kupata saratani, na farasi hupooza kwa kukosa vitamini ambayo mmea ule huiharibu. Hilo halifugwi vyunguni, na mbwa hana desturi ya kulila. Ila linatuonya kwamba jina la ukoo halitoshi, kama vile kujua ukoo wa mtu hakutoshi kumkopesha fedha. Inabidi kumjua mwenyewe.

Hapo barazani kwetu, habari ya mbwa wa mpwa wangu ilipojulikana, mzee mmoja ninayemheshimu aliuliza kwa upole: "Na haya yote ni kwa ajili ya mbwa?" Swali lake halikuwa la ubaya. Sisi ni Mashafii. Mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Mbwa hapandi baraza, hasogei mahali pa kuswalia. Hayo ni masharti ya tohara, nami siyapingi. Lakini tohara ni sheria ya vyombo na nguo. Si ruhusa ya kumwacha kiumbe afe kwa kutojua kwetu. Qurani imehalalisha windo la mbwa aliyefunzwa, na katika kisa cha Watu wa Pangoni imemtaja mbwa wao aliyelala kizingitini. Na hadithi ya mwanamke aliyemtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake, tumeisikia sote tangu chuoni. Mwanamke yule hakuulizwa kama mbwa alikuwa wake.

Nilimjibu mzee kwa njia nyingine, iliyo karibu zaidi. Nilimwambia: mbwa huonja kwanza, mtoto hufuata. Kilichompata mbwa siku ile kilikuwa kimechumwa kutoka tawi lile lile ambalo mjukuu wetu alikuwa akilichezea. Mzee alinyamaza, kisha akasema kwamba nyumbani kwake pia kuna ua lenye vitunda vyekundu, na kwamba atakwenda kulitazama.

Ni haki pia kusema kwamba mmea siyo adui mkubwa wa mbwa nyumbani. Mabaki ya karamu yana hatari zaidi kuliko kangaga lolote la Boston. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi kwa vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Zabibu, hata zile kavu tunazozinyunyiza juu ya pilau, zaweza kuharibu figo zake. Chokoleti humtia mapigo ya moyo ya kasi na tetemeko. Sumu ya panya iliyofichwa nyuma ya gunia la mchele haichagui. Mtu anayemtupia mbwa sahani ya pilau ya arusi huku akiogopa kangaga lililoning'inia darini ameziba tundu la sindano akaacha mlango wazi.

Baadaye mpwa wangu aliniomba nimwandikie kwa Kiswahili mambo ya kukumbuka, naye akayabandika nyuma ya mlango wa jikoni. Nayaweka hapa kwa ufupi, huenda yakamfaa mwingine. Usinunue mmea kabla ya kuuliza kama unazaa, na unazaa nini. Pindua jani: ukiona madoa ya kahawia yaliyopangika na hakuna ua wala tunda, huenda ni kangaga, ukiona miiba, vitunda, au shina la magamba, si kangaga. Usilolijua litundike juu, mbali na mbwa na mtoto, mpaka ulijue. Mbwa akitapika baada ya kutafuna mmea, mtoe kinywani mabaki, mpe maji, usimlazimishe kutapika kwa chumvi, kwani chumvi nyingi nayo ni sumu. Chukua tawi la mmea wenyewe umpeleke nalo kwa mganga wa mifugo. Ukishuku mtapo, usingoje dalili. Nenda saa ile ile.

Ua lenyewe alilichimba. Asparaga ile huwa na viazi vidogo mizizini vyenye kuhifadhi maji, na ndege hupeleka mbegu zake mbali. Huko Australia imekwisha kuwa magugu ya kusumbua misitu. Mahali pake ametundika kangaga la kweli, nalo limestawi. Yule mbwa hulitazama kutoka chini, halafu huenda kulala kwingine.

Ilibaki kazi moja, nayo ni yangu. Mpwa wangu alitaka kuwafundisha wanafunzi wake mimea hii, akaniuliza: ile iliyoitwa asparagus fern tuiiteje? Nilikataa "kangaga la asparaga," kwa kuwa tafsiri ya neno kwa neno ingerithi uongo wote na kuuhamishia kwa watoto wetu ukiwa mzima. Nilifikiri siku kadhaa. Mmea ule unaonyesha manyoya na unaficha miiba. Basi nimeuita mwibamanyoya. Jina hilo linaanza na onyo, kisha ndiyo linaeleza uzuri, na nadhani utaratibu huo ndio ulioupa muhogo mchungu jina lake.

Sidai kuwa ni jina jema kuliko yote. Huenda Makunduchi au Wete kuna bibi aliyeuita mmea huo kwa jina zuri zaidi tangu nisijazaliwa, na jina hilo halijafika vitabuni. R. O. Williams alikusanya majina mengi ya mimea ya Unguja na Pemba katika kitabu chake cha mwaka 1949, lakini tangu wakati ule vyungu vyetu vimejaa wageni wengi ambao hakuna aliyewauliza majina. Mwenye jina na alilete. Na asiyekuwa nalo aende nyumbani kwake leo, asimame mbele ya kila chungu kilicho barazani, ajiulize kama angeweza kumweleza mtoto wa miaka 2 hicho ni kitu gani.